Mitungi, vyungu na mabakuli ya ibada katika Misri ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ikitajwa Misri ya kale, wengi hukumbuka piramidi, maiti zilizofungwa sanda na kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Lakini kitu ambacho wachimbaji wa mambo ya kale hukutana nacho kila siku, kwa maelfu, ni vigae. Hapa tunajibu maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu vyombo vya udongo, mawe na fayansi ambavyo Wamisri walivitumia hekaluni na makaburini. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Chombo gani kinahesabiwa kuwa cha ibada?

Kazi yake ndiyo iliyokitambulisha. Mtungi wa kawaida wa bia, uliofinyangwa haraka na kuchomwa pamoja na mamia ya wenzake, uligeuka kuwa chombo cha ibada siku ulipowekwa mbele ya kaburi. Bakuli la chakula liliweza kuandikwa barua ya kumpelekea marehemu. Sahani nyekundu ilivunjwa, na kule kuvunjwa kukawa ndiyo dua yenyewe. Kwa hiyo ukiona chombo kimewekwa kwenye kabati la makumbusho, swali la kwanza la kuuliza ni kilifanyiwa nini: kilimiminwa, kilizibwa, kilijazwa, kiliachwa kitupu, au kilipondwa?

Hata hivyo yalikuwapo maumbo yaliyotengwa kwa ajili ya miungu na wafu. Wataalamu huyaita kwa majina yake ya Kimisri. Hes ni mtungi mrefu, mwembamba chini na mpana mabegani, wa kumiminia maji ya utakaso. Nemset ni birika fupi nene lenye mdomo wa kumiminia. Nu ni kijungu cha duara kinachotosha kiganjani. Desheret ni mtungi mwekundu, na huo una habari yake ndefu huko chini. Maumbo haya yalitengenezwa kwa udongo, jiwe, shaba, dhahabu, na pia kwa fayansi, yaani unga wa mchanga mweupe uliochomwa mpaka ukapata king'ao cha buluu au kijani.

Udongo ulitoka wapi, na wafinyanzi walikuwa akina nani?

Udongo ulikuwa wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni tope la Nile, linalopatikana kila mahali mto ulipopita. Likichomwa kwenye hewa ya kutosha huwa jekundu au kahawia. Wa pili ni udongo wenye chokaa nyingi, unaochimbwa kwenye kingo za jangwa, hasa upande wa Qena huko Misri ya Juu, yaani ya kusini. Huo hutoa chombo kigumu zaidi, chenye rangi ya maziwa au kijani hafifu, na ulipendwa kwa mitungi ya kuhifadhia vitu kwa muda mrefu. Mfinyanzi alichanganya majani makavu yaliyokatwakatwa, mchanga au samadi ili chombo kisipasuke motoni.

Kwa karne nyingi kazi ilifanywa kwa mikono mitupu. Gurudumu la kuzungusha kwa mkono lilianza kutumika wakati wa Ufalme wa Kale (yapata 2700–2200 KK), na kwenye kaburi la Ti huko Saqqara, la nasaba ya 5, yaani ukoo wa tano wa wafalme, kuna picha ya mfinyanzi akiwa kazini na gurudumu lake, karibu na tanuri.

Hadhi ya fundi huyu inashangaza. Maandishi ya shule za makarani, yaliyokusudiwa kumfanya kijana aipende kalamu kuliko kazi nyingine, yanamdharau mfinyanzi waziwazi: yanasema yuko chini ya udongo ingawa bado yu hai, na hufukua matope kuliko nguruwe. Na bado, Wamisri haohao walipotaka kueleza namna binadamu alivyoumbwa, walimchagua mfinyanzi. Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume aliyeabudiwa Elephantine na Esna, ndiye aliyewafinyanga watu juu ya gurudumu. Kwenye hekalu la malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari anaonekana akimfinyanga malkia akiwa mtoto, pamoja na ka yake, yaani nguvu ya uhai inayofanana na mtu na kuishi naye. Kazi ile iliyodharauliwa na makarani ndiyo waliyomkabidhi mungu muumba, na sidhani kuna heshima kubwa zaidi ambayo ufundi ungeweza kupewa.

Kwa nini vyungu vya kale kabisa vina mdomo mweusi na mwili mwekundu?

Hivyo ni vya kabla ya mafarao, kuanzia utamaduni wa Badari, yapata mwaka 4400 KK, na baada yake Naqada. Mfinyanzi alikipaka chombo ngeu, yaani udongo mwekundu wa rangi, akakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa, kisha akahakikisha kwamba sehemu ya juu inakosa hewa wakati wa kuchomwa, ama kwa kukipindua kwenye majivu na makapi, ama kwa kukifunika kikiwa bado cha moto. Sehemu iliyokosa hewa huwa nyeusi. Vingi vimetoka makaburini, na ukuta wa baadhi ya vyombo vya Badari ni mwembamba kiasi cha kutia hofu kuvishika. Kwa macho yangu, ufundi wa Misri haukuwahi kuvishinda vyombo hivi kwa uzuri, hata baada ya gurudumu kuja.

Baadaye, katika kipindi cha pili cha Naqada, ikaja mitungi ya rangi ya maziwa yenye michoro ya wino mwekundu: mashua zenye makasia mengi, ndege wenye miguu mirefu, milima, na wanawake walioinua mikono juu ya vichwa. Michoro hii inarudiwarudiwa kaburi baada ya kaburi, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa pambo la kujifurahisha.

Ni vyombo hivi pia vilivyotufundisha kupanga tarehe za zama zile ambazo hazina maandishi. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba Naqada mwaka 1894 na 1895. Aligundua kwamba mitungi yenye vishikio vya mawimbi ilibadilika hatua kwa hatua: tumbo likapungua, vishikio vikawa mstari tu wa pambo, mwisho ukabaki mtungi ulionyooka kama bomba. Akaandika vyombo vya makaburi yapata 900 kwenye vipande vya karatasi, kaburi moja karatasi moja, akavipanga mpaka mfuatano ukaonekana. Wataalamu wameuboresha mpango ule, lakini wazo lake bado linafanya kazi.

Ile mitungi minne yenye vichwa vya wanyama ilikuwa na nini?

Viungo vya ndani vya marehemu. Wakati wa kukausha maiti, mafundi walipasua ubavu wa kushoto, wakatoa vile vinavyooza haraka, wakavikausha kwa natroni, chumvi ya jamii ya magadi iliyochimbwa hasa Wadi Natrun, wakavifunga kwa kitani na kuvihifadhi. Kila kiungo kilikuwa na mlinzi, mmoja wa wana wanne wa mungu Horus, na kila mlinzi alikuwa na mungu wa kike nyuma yake:

Imsety, mwenye kichwa cha mtu, alilinda ini, chini ya Isis. Hapy, mwenye kichwa cha nyani, alilinda mapafu, chini ya Nephthys. Duamutef, mwenye kichwa cha mbweha, alilinda tumbo, chini ya Neith. Qebehsenuef, mwenye kichwa cha kozi, alilinda utumbo, chini ya Serqet.

Moyo haukuwekwa humo. Ulibaki kifuani, kwa sababu ndio uliotarajiwa kupimwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu.

Picha hii ya vichwa vinne tofauti, ambayo wengi wanaijua, si ya zama zote. Malkia Hetepheres, mama wa mfalme Khufu, alikuwa na sanduku la alabasta, jiwe jeupe lenye mistari, lenye vyumba vinne bila mitungi. Lilipofunguliwa huko Giza baada ya kaburi lake kugunduliwa mwaka 1925, vifurushi vya viungo vilikuwa bado vimo ndani ya maji ya natroni. Katika Ufalme wa Kati (yapata 2050–1650 KK) vifuniko vyote vinne vilikuwa vichwa vya watu. Tutankhamun naye alikuwa na sanduku la alabasta lenye matundu manne, kila tundu likifunikwa na kichwa cha mfalme, na ndani ya kila tundu mlikuwa na jeneza dogo la dhahabu lililobeba kifurushi. Vichwa vya wanyama vilienea kuanzia nasaba ya 19.

Kisha likatokea jambo linaloeleza mengi. Katika nasaba ya 21 mafundi walianza kurudisha viungo ndani ya mwili, vikiwa vimefungwa. Mitungi haikuwa na kazi tena ya kubeba kitu, lakini familia ziliendelea kuiagiza. Mingine ilichongwa ikiwa jiwe tupu, isiyo na tundu hata la kutia kidole. Wana wa Horus walipaswa kuwapo kaburini, hata kama hapakuwa na cha kulinda.

Kwa nini walivunja vyungu vyekundu kwa makusudi?

Nyekundu ilikuwa rangi ya jangwa, ya damu, na ya Seth, mungu wa vurugu aliyemuua ndugu yake Osiris. Chungu chekundu kilisimama mahali pa adui. Kukipasua kulikuwa ni kumpasua yeye.

Desturi hii ni ya zamani sana. Maandishi ya Piramidi, yaliyochongwa kwa mara ya kwanza ndani ya piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara yapata 2350 KK, yana maneno ya kusomwa wakati wa kuvunja mitungi myekundu, yakimwambia mfalme awe na nguvu na adui amwogope. Ilifanyika mwishoni mwa karamu ya sadaka, ili wabaya wasikaribie chakula cha marehemu. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kaburi ambalo Horemheb alijijengea Saqqara kabla hajawa mfalme linaonyesha watu wakivunja mitungi kwenye vibanda vya maziko.

Wakati wa Ufalme wa Kati serikali yenyewe iliichukua desturi hii. Makarani waliandika kwenye mabakuli na mitungi myekundu majina ya watawala wa Kush na wa nchi za Nubia, kusini mwa Misri, wakuu wa miji ya Kanaani ikiwemo Ashkeloni na, kwa maoni ya wengi, Yerusalemu, Walibya, na hata baadhi ya Wamisri walioshukiwa. Baada ya majina ikafuata orodha ya makosa: wote watakaoasi, watakaofanya njama, watakaopigana, au hata watakaofikiria kuasi. Kisha chombo kikapondwa. Mabakuli ya namna hiyo yaliyoko Berlin yalichapishwa na Kurt Sethe mwaka 1926, na leo wanahistoria huyatumia kama ramani ya siasa za wakati ule, kwa sababu mtu halaani adui asiyemjua jina.

Mfano mzito kuliko yote ni Mirgissa, ngome ya Wamisri kwenye maporomoko ya pili ya Nile, Sudan ya leo. Katika miaka ya 1960, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika eneo hilo, wachimbaji chini ya Jean Vercoutter walikuta shimo lenye vigae vya vyombo vyekundu karibu 200 vilivyoandikwa laana, sanamu za udongo, na karibu yake mabaki ya mtu aliyekatwa kichwa. Hapo udongo haukutosha kumwakilisha adui. Ni vizuri kulisema jambo hili bila kulipamba: ibada ya vyungu vyekundu ilikuwa pia silaha ya dola dhidi ya majirani zake Waafrika na Waasia.

Ni vimiminika gani vilivyomiminwa katika tambiko, na kwa chombo gani?

Maji kwanza. Maji ya Nile, hasa yale ya mafuriko mapya, yalichukuliwa kuwa yametoka kwa Osiris mwenyewe, kwa hiyo kuyamimina kulikuwa ni kurudisha uhai. Mtungi wa hes ndio uliotumika zaidi, na umbo lake likawa pia alama ya maandishi ya kusifia na kutia baraka. Katika ibada ya Kufungua Kinywa, ambayo maiti au sanamu ilirudishiwa uwezo wa kula, kusema na kuona, kuhani aliizunguka na mitungi minne ya nemset, halafu minne ya desheret, akiitakasa. Picha kamili za ibada hiyo ziko kwenye kaburi la waziri Rekhmire huko Luxor.

Divai na maziwa vilitolewa na mfalme kwa vijungu vya nu, kimoja kila kiganja. Sanamu kubwa za Hatshepsut akiwa amepiga magoti na vijungu hivyo mikononi, zilizotoka Deir el-Bahari, zinaonyesha jambo ambalo picha za vita hazionyeshi: mtawala akiwa mtumishi.

Karne za mwisho, ibada ya Isis ilipotawala kusini, maziwa yalibebwa kwenye ndoo ndogo za shaba nyeusi zenye mshikio. Kwenye kisiwa cha Biga, mkabala na Philae, kisiwa chenye hekalu la Isis, palipoaminiwa kuwa na kaburi la Osiris, palikuwa na meza 365 za sadaka, na maziwa yalimiminwa kila siku ya mwaka. Ibada hiyo ilivuka bahari. Mchoro wa ukutani kutoka Herculaneum, mji wa Italia uliofunikwa na volkano mwaka 79 BK, unamwonyesha kuhani wa Isis akiwa amebeba mtungi kwa mikono iliyofunikwa nguo, asije akaugusa kwa ngozi.

Na bia?

Bia ilikuwa chakula, mshahara na sadaka kwa pamoja: nzito, yenye lishe, kama pombe zetu za mtama na ulezi. Sala ya sadaka iliyoandikwa kwenye maelfu ya makaburi inamwombea marehemu mikate elfu moja, mitungi ya bia elfu moja, ng'ombe elfu na ndege elfu.

Kiwango cha utengenezaji kilikuwa kikubwa mapema mno. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kiwanda cha bia cha wakati wa mfalme Narmer, yapata 3100 KK, kimechimbuliwa Abydos. Kilikuwa na sehemu nane, kila moja ya urefu wa mita 20 na vyungu yapata 40 vya kuchemshia vilivyopangwa safu mbili. Wachimbaji wanakadiria kilitoa lita 22,400 kwa mpigo mmoja. Kilikuwa karibu na maeneo ya maziko ya kifalme, na bia yake ilikwenda kwenye ibada za huko.

Pia kuna simulizi ya Ra, mungu jua, alipochoshwa na uasi wa wanadamu, akamtuma mungu wa kike Hathor akawaangamize katika sura ya Sekhmet, simba jike. Mauaji yalipozidi, Ra akajuta. Ikatengenezwa mitungi 7,000 ya bia iliyotiwa ngeu ikawa nyekundu kama damu, ikamwagwa mashambani usiku. Mungu yule akainywa, akalewa, akasahau alichotumwa. Sikukuu za ulevi za Hathor na za mungu wa kike Mut huko Karnak zilikuwa ukumbusho wa kuokoka huko, kwa hiyo aliyekunywa mpaka akalala hekaluni alikuwa akiabudu.

Kuhusu divai nitasema kifupi: kaburi la Tutankhamun lilikuwa na mitungi 26, mingi ikiwa imeandikwa mwaka wa mavuno, shamba la mizabibu na jina la mkuu wa watengenezaji, taarifa zilezile unazozikuta kwenye chupa leo.

Je, ni kweli waliwaandikia wafu barua kwenye mabakuli?

Ni kweli, na kama ningeruhusiwa kuchagua aina moja tu ya chombo cha kumwonyesha mtu anayedhani Wamisri walikuwa watu wa mawe na mafarao peke yake, ningechagua hii. Bakuli lilijazwa chakula likawekwa kaburini. Marehemu akija kula, angekuta maneno.

Bakuli la Qau, la kati ya mwisho wa Ufalme wa Kale na machafuko yaliyofuata, liliandikwa na mtu aitwaye Shepsi. Ndani alimwandikia baba yake, nje akamwandikia mama yake. Ana mgogoro wa mali na anaona anaonewa huku wazazi wake, ambao sasa wana nguvu za huko waliko, wakimtazama tu. Kwa mama yake anaanza kwa kumkumbusha: siku ile uliponiambia nikuletee kware ule, mimi mwanao nilikuletea kware saba, ukala. Halafu ndipo anauliza, je, ni sawa nidhulumiwe mbele yako?

Bakuli jingine, lililoko Cairo, ni la mama aitwaye Dedi akimwandikia marehemu kuhani Intef. Mtumishi wao wa kike, Imiu, ni mgonjwa. Kwa nini humpiganii usiku na mchana? anauliza. Na anamwonyesha wazi kitakachotokea: nyumba ikibomoka, nani atakumiminia maji? Ni maneno ya mtu anayejua kwamba walio hai na waliokufa wanahitajiana, na kwamba mtungi wa maji kaburini ni ahadi ya pande mbili.

Mtungi wenye sura ya kibete anayetoa ulimi ni wa nini?

Huyo ni Bes, mlinzi wa wajawazito, wazazi na watoto. Sura yake ya kutisha ilikuwa ya kuwafukuza wabaya. Vyombo vyake ni vingi kuanzia Ufalme Mpya (yapata 1550–1070 KK) hadi wakati wa Waroma, na kwa muda mrefu watu walikisia tu kilichonywewa humo. Mwaka 2024 kundi la Davide Tanasi lilichapisha matokeo ya kupima kikombe kimoja cha zama za Ptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri kabla ya Waroma, kilichoko Tampa, Florida. Walikuta mabaki ya kinywaji kilichochachuka, asali, mmea wa Peganum harmala na yungiyungi ya buluu, mimea ambayo huweza kumletea mtu maono, pamoja na majimaji ya mwili wa binadamu. Inaonekana kilinywewa katika ibada ya kutafuta ndoto au kuomba uzazi salama. Ni kikombe kimoja, hivyo tusikifanye kiwe msemaji wa vikombe vyote vya Bes.

Vipo pia vijungu vya nasaba ya 18 vilivyofinyangwa kwa sura ya mwanamke aliyempakata mtoto. Maandishi ya tiba ya Wamisri hutaja maziwa ya mama aliyezaa mtoto wa kiume kuwa dawa, na wengi wanaona vijungu hivi vilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Watoto waliozikwa ndani ya vyungu walikuwa wa maskini?

Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa zamani: familia haikuwa na jeneza, ikatumia chungu cha nyumbani. Uchunguzi wa Ronika Power na Yann Tristant, uliochapishwa 2016, umeipinga dhana hiyo. Maziko ya chunguni yamekutwa pia kwa watu wazima, na pamoja na vitu vya thamani. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba chungu, chenye tumbo lake la mviringo, kilikuwa tumbo la mama au yai: mtoto alirudishwa pale anapoweza kuzaliwa tena. Ukimkumbuka Khnum na gurudumu lake, hoja hii inakaa vizuri.

Tunajuaje kilichokuwamo ndani ya mitungi baada ya maelfu ya miaka?

Udongo hunywa. Mafuta, utomvu na divai huingia kwenye vinyweleo vya chombo na kubaki humo, na maabara inaweza kuvitoa. Mfano mzuri ni karakana ya kukaushia maiti iliyogunduliwa Saqqara mwaka 2016 na kundi la Ramadan Hussein, ya nasaba ya 26 (664–525 KK). Ilikuwa na vyombo vilivyoandikwa kwa wino maagizo ya kazi: cha kupaka kichwani, cha kuoshea, cha kumfanya anukie vizuri. Vyombo 31 kutoka humo vilipimwa na matokeo kutolewa mwaka 2023. Kulikuwa na mafuta ya mierezi, mireteni, nta ya nyuki, lami, mafuta ya wanyama. Neno antiu, ambalo miaka yote lilitafsiriwa manemane, lilikuwa limeandikwa kwenye vyombo vyenye mchanganyiko wa mwerezi, mreteni au msanduku na mafuta ya wanyama.

Kubwa zaidi ni utomvu wa miti ya misitu ya mvua: damari, ambayo hutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na elemi, inayoweza kutoka Asia au misitu ya Afrika ya tropiki. Maiti ya Mmisri ilihitaji biashara iliyofika mbali mno na bonde la Nile.

Kwa nini makaburi mengine yana vyombo vidogo mno, au vya bandia?

Kwa sababu alama ilitosha. Kijungu kisichozidi kidole kiliweza kusimama mahali pa mtungi mzima wa bia, na mbao iliyochorwa mistari ikawa alabasta. Yuya na Tjuyu, wakwe wa mfalme Amenhotep III, watu wasiokosa chochote, walizikwa na vyombo vya namna hiyo. Wapo waliofanya kinyume: chini ya piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser kulikutwa vyombo vya mawe karibu 40,000, vingi vikiwa vya wafalme waliomtangulia.

Mahali gani pana vigae vingi zaidi?

Umm el-Qa'ab, Abydos. Hapo walizikwa wafalme wa kwanza, na kaburi la mmoja wao, Djer, baadaye likaaminiwa kuwa la Osiris. Mahujaji walikuja kwa karne nyingi, kila mmoja na kijibakuli chake cha sadaka, mpaka jangwa likafunikwa na vilima vya vigae. Wachimbaji wa mwanzo walivisukuma pembeni wakitafuta hazina za kifalme, na hapo walipoteza ushahidi mwingi wa ibada ya watu wa kawaida.

Je, mapokeo haya yaliishia Misri?

La. Nubia ilikuwa na mafundi wake, na vyungu vyenye mdomo mweusi viliendelea huko muda mrefu baada ya Misri kuviacha. Vikombe vya Kerma, mji wa kale wa Nubia, vya kati ya 2500 na 1500 KK, vyenye mdomo uliopanuka na mstari wa kijivu-fedha kati ya weusi na wekundu, vilifinyangwa kwa mkono na ni vyembamba kuliko vingi vya gurudumu. Tafadhali usiviite nakala za Misri.

Naweza kununua mtungi halisi wa Misri ya kale?

Ushauri wangu ni usinunue. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale na kuvitoa nchini. Vilivyotoka kihalali zamani, wakati wachimbaji wa kigeni walipogawana na serikali vilivyopatikana, huwa na karatasi zinazoeleza kaburi na mwaka. Muuzaji wa mtandaoni anayesema mtungi wake ni wa "mkusanyaji wa zamani wa Ulaya", bila hati yoyote, anakuuzia ama chombo cha bandia ama kilichoibwa. Na mtungi ulioibwa umepoteza nusu ya habari zake: haijulikani ulilala na nani, ulikuwa na nini, na kama ulivunjika kwa jembe la mwizi au kwa mkono wa kuhani.

Ukitaka kuviona, Jumba Kuu la Makumbusho la Misri huko Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025, ndilo lenye vitu vya Tutankhamun. Kwa vyombo vya udongo hasa, Makumbusho ya Petrie huko London ni hazina, bakuli la Shepsi likiwemo, na orodha yake yenye picha inapatikana bure mtandaoni kwa yeyote mwenye simu.